Vita ya 1812: aliyeibiwa alikaa kimya, jirani ndo akabeba panga

Ukimuuliza mtu habari za Marekani na Uingereza kupigana atakutajia 1776, George Washington, chai kumwagwa baharini kule Boston, basi. Ya pili wengi hawaijui kabisa. Mi hii ya pili ndo inanivutia zaidi, vita iliyoanza Juni 1812 ikaja kuisha mwanzoni mwa 1815, kwa sababu kuna kitu ndani yake hakikai sawa. Sababu iliyotangazwa ni kwamba Waingereza wanakamata mabaharia wa Kimarekani na kuharibu biashara ya meli. Sawa. Sasa meli na mabaharia walikuwa wapi? Wengi walikuwa kaskazini mashariki, Massachusetts, Connecticut, Rhode Island huko, na huko ndiko vita ilikochukiwa kuliko sehemu yoyote. Waliokuwa wanapiga kelele twende vitani ni watu wa Kentucky na Tennessee, watu wa bara kabisa, wengine bahari hata hawajawahi kuiona. Yaani aliyeibiwa anasema jamani tuongee, jirani wa mtaa wa tatu ndo kashika panga anataka damu. Lazima ujiulize huyo jirani anatafuta nini hasa.

Tuanze na baharini kwanza maana malalamiko yenyewe hayakuwa ya uongo. Uingereza ilikuwa kwenye vita na Ufaransa karibu mfululizo tangu 1793, na jeshi lake la maji lilikuwa linahitaji mabaharia zaidi ya laki moja muda wote. Kazi yenyewe mateso, mshahara kiduchu, viboko nje nje, mtu anaweza kukaa miaka hajakanyaga nchi kavu. Kwa hiyo mabaharia walikuwa wanatoroka, na pa kukimbilia palikuwa meli za biashara za Marekani, lugha ile ile, malipo mazuri zaidi. Waingereza wakawa wanasimamisha meli za Marekani katikati ya bahari, ofisa anapanda, anapanga watu mstari, anachagua: wewe, wewe na wewe, ninyi ni Waingereza, shukeni. Kwa sheria yao aliyezaliwa chini ya mfalme ni wa mfalme mpaka anakufa, karatasi za uraia wa Marekani hazikuwashtua hata kidogo, na zaidi zilikuwa zinaghushiwa hovyo kwa hiyo hata ya kweli haikuaminika. Wanaokadiria wanasema Wamarekani kama 6,000 mpaka 10,000 walibebwa namna hiyo kabla ya vita.

Halafu kukawa na tukio la Juni 22, 1807. Manowari ya Marekani, sio meli ya biashara, manowari kabisa, inaitwa Chesapeake, imetoka tu pwani ya Virginia, ikakutana na manowari ya Kiingereza Leopard. Waingereza wakasema tunataka kupanda tutafute watoro wetu, nahodha James Barron akakataa, wakamlipua kwa mizinga. Chesapeake haikuwa tayari hata kidogo, mizigo imejaa kwenye deki, ilifanikiwa kurusha risasi moja ya mzinga kisha ikashusha bendera. Watu 3 walikufa, 18 wakajeruhiwa, na Waingereza wakaondoka na watu 4, mmoja wao Mwingereza kweli anaitwa Jenkin Ratford, wakamnyonga kule Halifax. Kama Marekani ilitaka vita ya heshima hapo ndo palikuwa mahali pake, nchi nzima ilikuwa imechemka. Lakini rais Thomas Jefferson hakutaka vita. Akaja na dawa yake mwenyewe.

Dawa yenyewe ilikuwa kwamba kama dunia inatusumbua baharini, basi tusiende baharini. Desemba 1807 akapitisha sheria ya kuzuia meli za Marekani kwenda nchi za nje. Wazo lilikuwa Uingereza na Ufaransa watakosa bidhaa zetu watapiga magoti. Aliyepiga magoti ni Marekani mwenyewe, mauzo ya nje yakaporomoka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 mpaka milioni 22 mwaka 1808. We fikiria bandari nzima zimelala, mabaharia wanazurura mtaani, na magendo ya kupitia Kanada yakashamiri balaa. Hii sheria iliwaumiza wale wa kaskazini mashariki kuliko walivyowahi kuumizwa na Mwingereza, na nadhani chuki yao kwa serikali ya Washington ilianzia hapo, sio 1812. Ikafutwa Machi 1809, zikaja sheria nyingine za kusuasua, wakati huo Napoleon naye anakamata meli hizo hizo na amri zake za Berlin na Milan, yaani ukifanya biashara na huyu yule anakukamata, ukifanya na yule huyu anakukamata. Kwa haki kabisa Marekani ilikuwa na sababu ya kupigana na wote wawili.

Ila Ufaransa haikuwa na Kanada. Na Ufaransa haikuwa inapeleka bunduki kwa wenyeji wa maziwa makuu ya kule Amerika.

Hapa ndo tunafika kwa yule jirani wa panga. Mwaka 1809 gavana wa Indiana, William Henry Harrison, aliwapata machifu kadhaa wakasaini mkataba wa Fort Wayne wakauza karibu ekari milioni 3. Kuna kiongozi wa Washawnee aliyeitwa Tecumseh, huyu alikuwa na hoja moja ambayo mi naona ilikuwa imenyooka kuliko hoja zote za enzi zile: ardhi ni ya makabila yote kwa pamoja, hakuna chifu mmoja mwenye mamlaka ya kuiuza, kwa hiyo huo mkataba ni batili. Yeye na mdogo wake Tenskwatawa, aliyekuwa nabii, walijenga kijiji kwenye mto Tippecanoe wakakusanya watu wa makabila mbalimbali. 1810 Tecumseh akaenda Vincennes akamwambia Harrison uso kwa uso. 1811 akaenda kusini kutafuta washirika, na Harrison akatumia nafasi hiyo hiyo kusogea na jeshi mpaka karibu na kijiji. Novemba 7 alfajiri wakapigana, Wamarekani walipoteza watu wengi lakini wakabaki uwanjani, kijiji kikachomwa. Kwenye mabaki zikaonekana bunduki za Kiingereza. Basi! Magazeti ya bara yakawa na wimbo mmoja tu, kwamba nyuma ya kila mwenyeji anayegoma kutoa ardhi yuko Mwingereza aliyekaa Kanada. Kwamba Tecumseh anaweza kuwa na sababu zake mwenyewe za kugoma hilo halikumwingia mtu akilini.

Kwenye kongresi ya wakati huo kulikuwa na vijana machachari, Henry Clay wa Kentucky ndo spika wa baraza, John C. Calhoun wa South Carolina yuko naye, watu ambao vita ya uhuru walikuwa watoto au hawajazaliwa. Hao ndo walioisukuma. Rais James Madison akapeleka hoja zake Juni 1, 1812, mabaharia wa kwanza kwenye orodha, biashara, na wenyeji karibu na mwisho. Baraza la wawakilishi 79 kwa 49, seneti 19 kwa 13, Madison akasaini Juni 18. Chama cha Federalist, ambacho ngome yake ilikuwa kaskazini mashariki, hakikutoa hata kura moja ya ndiyo.

Na wakati wanapiga kura hizo, kule London mambo yalikuwa yameshageuka. Mei 11 waziri mkuu Spencer Perceval alipigwa risasi kwenye ukumbi wa kuingilia bungeni na mfanyabiashara mmoja, John Bellingham, aliyekuwa na kinyongo chake binafsi kwamba alifungwa Urusi na serikali yake haikumsaidia. Perceval ndo alikuwa mshikilia bango wa amri za Uingereza yenyewe za kubana biashara ya Marekani. Serikali mpya ikatangaza Juni 16 kwamba inazisimamisha, siku mbili kabla Madison hajasaini. Habari ilivuka Atlantiki kwa upepo, wiki na wiki. Watu wanapenda kusema kama simu ingekuwepo vita isingekuwepo. Mi siamini, kwa sababu Madison alipopata habari hiyo bado alikataa kusimamisha vita, akasema mpaka suala la mabaharia limalizwe. Kwa hiyo habari kuchelewa ni kisingizio tu, watu walishaamua.

Mpango wa vita ulikuwa Kanada. Na kwenye karatasi ulionekana mtamu sana, Marekani watu zaidi ya milioni 7, Kanada kama nusu milioni tu, Uingereza iko bize na Napoleon, Jefferson mwenyewe akaandika kwenye barua kwamba kuiteka Kanada mpaka jirani na Quebec itakuwa suala la kutembea tu. Kilichosahaulika ni kwamba jeshi la kudumu la Marekani lilikuwa na watu kama 7,000 tu, majenerali wengi wazee waliobaki kutoka vita ya uhuru, na wanamgambo wa majimbo walikuwa na msimamo kwamba kazi yao ni kulinda jimbo sio kuvamia nchi ya watu. Magavana wa Massachusetts, Connecticut na Rhode Island wakakataa kutoa wanamgambo kabisa. Na Baltimore ndani ya wiki chache za vita kundi la watu lilivamia gazeti lililopinga vita, likampiga mpaka kumuua jenerali mzee wa vita ya uhuru, James Lingan, mbele ya wenzake. Hawa ni Wamarekani kwa Wamarekani, Mwingereza hata hajafika.

Sasa Detroit. Ee bana Detroit! Jenerali William Hull, gavana wa Michigan, anaongoza watu 2,000 hivi porini kuelekea Kanada, na vita imeshatangazwa lakini yeye bado hajaambiwa. Ili kupunguza mzigo akapakia mabegi, dawa na karatasi zake za jeshi, maagizo na orodha za askari wote, kwenye mashua inaitwa Cuyahoga ipite kwa maji. Waingereza wa ng'ambo ya mto walishapata habari ya vita. Wakaisimamisha mashua kwa raha zao na wakasoma kila kitu. Kaskazini zaidi, kwenye kisiwa cha Mackinac, kikosi cha Marekani kiliamka Julai 17 kikakuta mzinga wa Kiingereza umeshapandishwa kwenye kilima juu ya ngome yao, na huo ndo ukawa ujumbe wao wa kwanza kwamba kuna vita.

Hull alivuka kwenda Kanada, akatangaza matangazo makali, akaogopa, akarudi Detroit. Upande wa pili alikuwepo Isaac Brock, jenerali wa Kiingereza, mtu mwenye akili ya mchezo, pamoja na Tecumseh aliyekuwa amejiunga na Waingereza kwa sababu hao angalau hawakuwa wanakuja na vipimo vya mashamba. Brock alikuwa na watu wachache, 1,300 hivi ukijumlisha na wapiganaji wa Tecumseh. Akawavalisha wanamgambo wake makoti mekundu ya zamani waonekane askari kamili, akamwandikia Hull barua kwamba vita ikianza hataweza kuwazuia wenyeji. Hull alikuwa na binti yake na wajukuu ndani ya ngome. Agosti 16 akainua bendera nyeupe bila kupigana. Baadaye mahakama ya jeshi ikamhukumu kifo, Madison akamsamehe kwa sababu ya alivyopigana enzi za uhuru. Watu humcheka Hull, mi simcheki sana, alikuwa amesema mapema kabisa kwamba bila kutawala ziwa Erie Detroit haitashikika, hakuna aliyemsikiliza.

Oktoba 13 pale Queenston, kwenye mto Niagara, Wamarekani wengine walivuka wakapanda kilima, Brock akauawa akijaribu kukirudisha. Ilibaki wanamgambo wa New York wavuke wakamalizie kazi. Wakasimama ukingoni, wanaona wenzao wanapigwa, wakasema katiba haiwalazimishi kutoka nje ya nchi. Walioko ng'ambo wakatekwa zaidi ya 900. Kidogo baadaye jeshi jingine lililokuwa linaelekea Montreal likafika mpakani likarudi.

Cha ajabu ni kwamba ushindi ulipatikana mahali ambapo hakuna aliyeutegemea, baharini. Uingereza ilikuwa na manowari mia kadhaa, Marekani hazifiki 20. Lakini zile chache kubwa zilikuwa zimejengwa vizuri kupita kiasi. Agosti 19, siku tatu baada ya Detroit, Constitution ya Marekani ikaivunjavunja Guerriere ya Kiingereza, nahodha wa Constitution ni Isaac Hull, mpwa wa yule yule William Hull, yaani ndani ya wiki moja familia moja imetoa aibu na sifa. Risasi za mizinga zilionekana zinadunda kwenye mbao za Constitution, ndo ikapewa jina la utani la chuma. Ilipoingia Boston ililakiwa kwa shangwe, na huo ni mji uleule usiotaka vita. Zikafuata ushindi mwingine kama huo, London wakashtuka. Furaha haikudumu sana, Juni 1813 manowari ya Kiingereza Shannon iliikamata Chesapeake, ndiyo ile ile ya 1807, nje ya Boston ndani ya robo saa, nahodha James Lawrence akifa anawaambia watu wake msiisalimishe meli, na meli ikasalimishwa. Baada ya hapo manowari za Kiingereza zikafunga pwani karibu yote na biashara ikafa.

Lakini kuna pwani waliyoiacha wazi kwa makusudi muda mrefu, ya New England, yaani yale yale majimbo ya kaskazini mashariki, maana walijua wale watu hawana ugomvi nao na chakula kinatoka huko. Na mpakani nako hivyo hivyo. Gavana mkuu wa Kanada, George Prevost, aliandika 1814 kwamba theluthi mbili ya jeshi lake linakula nyama inayoletwa na wafanyabiashara wa Kimarekani, wengi wa Vermont na New York. Ng'ombe wanaswagwa msituni kuvuka mpaka kwenda kumlisha askari anayekuja kukupiga. Sijawahi kuona vita ambayo upande mmoja unamlisha adui kwa kiwango hicho.

1813 nitaipita haraka kidogo. Aprili Wamarekani waliteka York, ambayo leo ni Toronto, ghala la baruti likalipuka likaua wengi akiwemo Zebulon Pike, na majengo ya serikali yakachomwa. Septemba 10 kwenye ziwa Erie Oliver Hazard Perry akaenda kupigana akiwa na bendera imeandikwa maneno ya Lawrence, meli yake ikaharibiwa kabisa, akapiga makasia kwa mtumbwi kuhamia meli nyingine, akarudi akashinda. Kabla ya hapo Perry alikuwa amelalamika kwa mkubwa wake Isaac Chauncey kwamba analetewa watu weusi na vijana, Chauncey akamjibu kwamba meli yake ina karibu watu weusi 50 na wengi wao ni kati ya watu wake bora. Ziwa likapotea, Waingereza wakalazimika kukimbia Detroit, Harrison akawafuata mpaka mto Thames, na Oktoba 5 Tecumseh akauawa pale. Askari wa Kiingereza walivunjika mapema, waliobaki wanapigana ni watu wa Tecumseh. Kwa maoni yangu vita ya kweli, ile ya ardhi, iliamuliwa siku hiyo, yote yaliyofuata kaskazini yalikuwa kuvutana tu, mara Wamarekani wachome Newark, mji wa Kanada, katikati ya baridi ya Desemba, mara Waingereza walipize wachome Buffalo.

Kusini nako kulikuwa na moto mwingine. Wacreek, kabila la wenyeji wa huko, walikuwa wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe, upande mmoja unaojulikana kama Fimbo Nyekundu ulivutiwa na maneno ya Tecumseh. Jenerali Andrew Jackson wa Tennessee akaenda kupigana nao. Machi 27, 1814, kwenye kona ya mto inayoitwa Horseshoe Bend, aliua kama 800 siku moja. Na hakushinda peke yake, Wacherokee waliokuwa upande wake ndo walioogelea mto wakaiba mitumbwi wakashambulia kwa nyuma, na alikuwa na Wacreek wengine pia. Agosti akawalazimisha machifu wasaini mkataba wa kutoa ekari milioni 23, zaidi ya nusu ya nchi yao, ikiwemo ardhi ya wale Wacreek waliopigana upande wake. Soma tena hiyo. Waliomsaidia nao walinyang'anywa.

Aprili 1814 Napoleon akaanguka, Uingereza ikapata askari wa kuleta. Na kabla hao hawajafika admirali Alexander Cochrane alitoa tangazo, Aprili 2, kwamba yeyote anayetaka kuhama Marekani apokelewe kwenye meli za Kiingereza, ajiunge na jeshi au apelekwe kwenye makoloni akaishi huru. Neno watumwa halikuandikwa lakini kila mtu alielewa. Watu kama 4,000 walitoroka, wengi kutoka Virginia na Maryland, familia nzima nzima usiku kwenye mitumbwi. Wanaume mia kadhaa wakapewa sare na mafunzo kwenye kisiwa cha Tangier ndani ya ghuba ya Chesapeake, na walikuwa wanazijua njia na vijito vyote vya huko maana ndiko walikozaliwa. Uingereza haikufanya hivyo kwa huruma, visiwani kwake Karibiani utumwa ulikuwa unaendelea kama kawaida. Ila kwa mtu aliyeko shambani Maryland hayo ni ya kujadili akiwa ameshafika salama.

Hao askari weusi walikuwepo Bladensburg Agosti 24, wakati Waingereza kama 4,500 chini ya jenerali Robert Ross walipowakuta Wamarekani waliokuwa wengi kuliko wao, Madison mwenyewe yuko pale kwenye farasi, na wanamgambo wakakimbia kiasi kwamba watu waliiita siku hiyo mashindano ya mbio. Waliosimama ni mabaharia wa Joshua Barney, na kati yao alikuwepo Charles Ball, mtu mweusi aliyetoroka utumwa lakini akapigana upande wa Marekani. Jioni Waingereza wakaingia Washington, wakakuta meza ya chakula imeandaliwa Ikulu, wakala, wakachoma. Jengo la bunge likaungua na maktaba yake. Ile stori ya mke wa rais, Dolley Madison, kuokoa picha kubwa ya George Washington huwa inasimuliwa kama aliibeba mwenyewe, lakini Paul Jennings, aliyekuwa mtumwa wa rais na alikuwepo pale, alieleza miaka mingi baadaye kwamba walioishusha ni mlinzi wa mlango na mtunza bustani, mama yeye hakuwa na muda wa kufanya hivyo. Aliagiza iokolewe, hilo sawa.

Kesho yake ikaja dhoruba kali, Waingereza wakaondoka wakaenda Baltimore. Huko mambo yakawa mengine, Ross akauawa Septemba 12, ngome ya McHenry ikapigwa makombora saa 25 na haikusalimu, mwanasheria wa Kimarekani Francis Scott Key, aliyekuwa ameenda kwa Waingereza kuzungumzia mateka, akaona bendera bado ipo akaandika shairi, 1931 likafanywa wimbo wa taifa. Mistari yake ya ubeti wa tatu, ambayo siku hizi haiimbwi, inamtaja mtumwa kwamba hatapata pa kukimbilia. Key mwenyewe alikuwa na watumwa. Septemba hiyo hiyo, tarehe 11, Prevost aliyekuja na askari karibu 10,000 alirudi nyumbani baada ya kikosi chake cha maji kupigwa na Thomas Macdonough pale Plattsburgh kwenye ziwa Champlain, na mi naona hii ilikuwa muhimu kuliko Baltimore ila haina wimbo.

Pale Ghent, mji ulioko Ubelgiji ya leo, pande mbili zilikuwa zinajadiliana amani tangu Agosti. Waingereza walianza kwa kudai nchi maalum ya wenyeji katikati ya Marekani na Kanada, wakaiacha. Wakaulizia kwa Wellington, jenerali wao maarufu, akawaambia kwa hali ilivyo hamna haki ya kudai ardhi. Desemba 24, 1814 wakasaini: kila mtu arudishe alichochukua, mipaka ibaki kama ilivyokuwa. Januari 8 Jackson akawachinja Waingereza New Orleans, zaidi ya 2,000 waliuawa, kujeruhiwa au kutekwa, jenerali Edward Pakenham naye akafa, na kwenye mstari wa Jackson walikuwepo maharamia wa Jean Lafitte, Wachoctaw na vikosi vya watu weusi huru. Watu husema ilipiganwa vita ikiwa imeshaisha. Hapana, mkataba wenyewe ulisema hautaanza mpaka pande zote ziuidhinishe, seneti iliupitisha Februari 16.

Sasa nenda kausome mkataba wa Ghent utafute mabaharia, wale waliokuwa namba moja kwenye hotuba ya Madison. Hawamo. Hakuna hata sentensi moja kuhusu kukamatwa kwao. Wakati huo huo maelfu ya mabaharia wa Kimarekani walikuwa wamefungwa gereza la Dartmoor kule Uingereza, wengine wao ni hao hao waliokamatwa kwa nguvu wakagoma kupigana na nchi yao, na walikuwa bado mle ndani Aprili 6, 1815, amani imeshaidhinishwa, walinzi walipowafyatulia risasi wakaua 7. Kifungu cha 9 kinasema wenyeji warudishiwe mali na ardhi waliyokuwa nayo 1811. Jackson hakurudisha ekari hata moja ya Wacreek na hakuna mtu kule Washington aliyemlazimisha, na 1830 akiwa rais ndo alisaini sheria ya kuwahamisha wote, Wacherokee wa Horseshoe Bend wakiwemo.

Kilichotekelezwa vizuri kipo kifungu cha kwanza, pale walipoandika watumwa pamoja na mali nyingine binafsi. Marekani ilidai wale waliotoroka warudishwe, Waingereza wakagoma, walikuwa wameshawapeleka Nova Scotia na Trinidad, ambako wale askari walipewa mashamba na vijiji vyao vinaitwa kwa majina ya kampuni zao za jeshi mpaka leo. Wakabishana miaka, wakampelekea kesi mfalme wa Urusi awe msuluhishi, naye akaamua upande wa Marekani, na 1826 Uingereza ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 wakagawiwa waliokuwa mabwana wao.